Tovuti inakutoa kila ukirudi? Jinsi ya kupanga vidakuzi na faragha ya kivinjari bila kupoteza akaunti zako

Umeingia kwenye akaunti asubuhi, ukaweka tiki kwenye kisanduku cha "Nikumbuke", kivinjari kikauliza kama kihifadhi nenosiri, ukakubali. Jioni unarudi, ukurasa unakudai jina na nenosiri upya. Hapo wengi huilaumu tovuti, wengine hukimbilia kubadilisha nenosiri, na wengine hufuta kila kitu kwenye kivinjari wakidhani wanasafisha, kumbe wanajitoa kwenye akaunti zao zote kwa mpigo.

Mara nyingi chanzo ni mpangilio mmoja wa faragha uliowashwa siku nyingi zilizopita, na wewe mwenyewe au na mtu aliyekutengenezea kompyuta. Watu wameaminishwa kwamba lazima wachague: ama faragha, ama urahisi wa kuingia. Si kweli. Vidakuzi (cookies), yaani faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, si vya aina moja: vinavyokufuata kutoka tovuti hadi tovuti ni vingine, na vinavyokushikia akaunti ni vingine. Kivinjari cha leo kinaweza kuvitenganisha ukikielekeza.

Kwanza, jua kilichopotea ni kipi

Nenosiri lililohifadhiwa na kidakuzi cha kuingia ni vitu viwili, na vinakaa sehemu mbili tofauti. Nenosiri liko kwenye kidhibiti cha manenosiri cha kivinjari au cha simu, nalo kazi yake ni kukujazia fomu. Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kivinjari baada ya wewe kuingia, na ndani yake mara nyingi hamna nenosiri lako hata kidogo. Mna namba ndefu isiyosomeka.

Kidakuzi kilianza mwaka 1994, Lou Montulli alipokuwa mhandisi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani. Wavuti kwa asili hauna kumbukumbu: kila ukurasa unaofungua, seva (kompyuta inayoendesha tovuti) inaupokea kama ombi la mtu mgeni kabisa. Kidakuzi ndicho kinachoiambia seva kwamba huyu ni yule yule wa dakika mbili zilizopita. Ni sawa na kikadi cha hospitali chenye namba ya faili. Faili lako lenyewe linabaki kwao. Wewe unaonyesha kikadi, wanalitafuta, unahudumiwa. Ukikipoteza, hujafutwa hospitalini, ila utaanza kuulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa upya.

Vidakuzi hivi vina umri. Kuna vinavyokufa pale unapofunga kivinjari, na kuna vyenye tarehe ya kuisha. Ule mraba wa "Nikumbuke" unabadilisha jambo hilohilo: bila tiki unapewa kidakuzi cha muda, ukiweka tiki unapewa chenye wiki au miezi. Hata hivyo hakuna cha milele. Chrome, tangu mwaka 2022, haikubali kidakuzi kiishi zaidi ya siku 400 bila kufanywa upya.

Ukitaka kuona kwa macho, fungua tovuti yoyote uliyoingia ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza F12 ndani ya Chrome, nenda kwenye kichupo cha Application, kisha Cookies upande wa kushoto. Utaona jedwali la majina ya ajabuajabu, na safu moja ya tarehe za kuisha. Penye neno Session badala ya tarehe, hicho ndicho kinachotakiwa kufutika ukifunga kivinjari. Usimwonyeshe mtu ukurasa huo wala kuupiga picha na kuutuma. Nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Ingia kwenye tovuti inayokusumbua. Funga kivinjari chote, si kichupo kimoja tu. Kwenye simu, kifute pia katika orodha ya programu zilizofunguliwa. Kifungue tena, rudi kwenye tovuti ileile, na uangalie kinachotokea.

Ukikuta bado umo ndani, kivinjari chako hakina kosa. Kama baadaye unatolewa, tovuti yenyewe ndiyo inayokutoa. Benki, mifumo ya kodi na baadhi ya mifumo ya serikali hufanya hivyo makusudi ukikaa dakika kadhaa bila kugusa kitu, na hakuna mpangilio wa upande wako utakaobadilisha hilo. Na usitamani libadilike. Hapo ni fedha na taarifa zako zinalindwa.

Ukikuta umetolewa lakini jina na nenosiri vimejijaza vyenyewe, nenosiri lipo, kidakuzi ndicho kimefutwa. Nenda hatua ya 2 na ya 3.

Ukikuta visanduku vyote ni vitupu, huenda vyote viwili vimepotea, au nenosiri halikuwahi kuhifadhiwa. Hatua ya 5 itakuhusu pia.

Na ukiona unaandika nenosiri sahihi, ukurasa unazunguka, halafu unarudishwa palepale pa kuingia bila hata ujumbe wa kosa, kuna kidakuzi kinachozuiwa kisiandikwe kabisa. Ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: Hakikisha uko kwenye dirisha la kawaida

Hali fiche (Incognito) ya Chrome, na dirisha la faragha la Firefox, Safari au Edge, hutupa vidakuzi vyote ukifunga madirisha hayo. Ndiyo kazi yake. Wapo wanaoitumia kila siku wakiamini inawaficha kwa mtoa huduma wa intaneti (haiwafichi), kisha wanashangaa kwa nini hakuna tovuti inayowakumbuka. Firefox ina mtego zaidi: inaweza kupangwa iwe ya faragha daima, na dirisha likaonekana kama la kawaida tu. Andika about:preferences#privacy kwenye sehemu ya anwani, shuka hadi palipo na historia, na uone kama imewekwa isikumbuke chochote.

Kuna jambo lingine ambalo huwasumbua hasa watumiaji wa simu. Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook au Instagram, ukurasa haufunguki kwenye Chrome. Unafunguka kwenye kivinjari kidogo kilichomo ndani ya programu hiyohiyo, chenye vidakuzi vyake peke yake. Ukiingia humo kwenye akaunti ya duka au ya chuo, Chrome haijui habari hizo, na kinyume chake ni hivyohivyo. Dawa ni kubonyeza vidoti vitatu juu ya ukurasa na kuchagua ufunguliwe kwenye kivinjari cha nje, ndipo uingie. Kwa chochote kinachohusu pesa au vyeti, fanya hivyo kila mara.

Hatua ya 3: Tafuta mpangilio unaofuta ukifunga

Hapa ndipo matatizo mengi yalipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Majina ya menyu hubadilika kwa toleo na kwa lugha ya simu, ndiyo maana kwenye kompyuta napenda kutumia anwani za ndani za kivinjari: hizo hazijali lugha.

Kwenye Chrome ya kompyuta, andika chrome://settings/content/siteData. Ukurasa huo una chaguo kuu la kuruhusu tovuti zihifadhi data kwenye kifaa, la kufuta data hiyo kila unapofunga madirisha yote, na la kuzuia kabisa. Kama lile la kati ndilo lililochaguliwa, tatizo umelipata. Unaweza kurudisha la kwanza. Lakini kama uliliweka kwa sababu unapenda kufunga kivinjari kikiwa safi, liache, kisha shuka chini uongeze tovuti unazoziamini kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Ziandike kwa mtindo huu: [*.]ajira.go.tz. Ile alama ya mwanzo inamaanisha "pamoja na matawi yake yote", na ina umuhimu, kwa sababu mara nyingi ukurasa wa kuingia uko kwenye tawi tofauti na ukurasa wa huduma. Mfumo wa eCitizen wa Kenya, kwa mfano, unakuingiza kupitia accounts.ecitizen.go.ke; ukiruhusu anwani moja tu ya huduma, kidakuzi cha kuingia kitabaki nje ya ruhusa yako.

Kwenye Firefox, ukurasa uleule wa about:preferences#privacy una sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti. Humo kuna kisanduku cha kufuta vyote Firefox inapofungwa, na kando yake kitufe cha vighairi. Fungua vighairi, andika anwani kamili ikianza na https://, chagua kuruhusu, hifadhi. Ongeza na anwani ya ukurasa wa kuingia kama ni tofauti. Firefox ya Android nayo ina chaguo la kufuta data unapoondoka. Liangalie kwenye mipangilio. Firefox Focus, yenyewe, imeundwa isikumbuke kitu. Usihangaike kuibembeleza, tumia kivinjari kingine kwa akaunti zako.

Edge ina orodha ya vitu vya kufuta kila kivinjari kinapofungwa, ndani ya mipangilio ya faragha. Zima swichi ya vidakuzi, hata kama unaacha ile ya historia ikiwa imewashwa.

Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio ya Safari, shuka hadi sehemu ya kina. Kama kuzuia vidakuzi vyote kumewashwa, kuzime, kwa sababu tovuti nyingi hazitakuruhusu hata kuingia. Swichi ya kuzuia ufuatiliaji kati ya tovuti iache imewashwa. Hiyo ndiyo unayoihitaji. Safari ina ukali mwingine unaofaa kuujua: kidakuzi kilichoandikwa na msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, badala ya kuandikwa na seva, hakiruhusiwi kuishi zaidi ya siku 7. Tovuti zilizotengenezwa vizuri haziguswi na hilo. Zile ambazo kila wiki zinakutoa ukiwa kwenye iPhone, wakati kwenye Android ya ndugu yako zinatulia, pengine zimetengenezwa kwa njia hiyo.

Kivinjari cha DuckDuckGo kina kitufe chenye alama ya moto kinachoteketeza kila kitu. Kabla ya kukibonyeza, ingia kwenye tovuti unayoitaka ibaki, fungua menyu, na uilinde na moto. Ukishafanya hivyo vidakuzi vyake havitaguswa.

Hatua ya 4: Vidakuzi vya washirika wengine

Unaposoma gazeti mtandaoni, ukurasa huo huvuta matangazo, video na vitufe kutoka kwa kampuni nyingine. Kila moja ya hizo ingependa kuacha kidakuzi chake, na kukikuta tena utakapofungua tovuti nyingine kabisa. Hivyo ndivyo unavyotazama viatu mahali pamoja na kuviona vikikufuata kwingine kote. Safari inavizuia vidakuzi hivi vyote tangu Machi 2020. Firefox ya kompyuta, tangu Juni 2022, inampa kila mwenye tovuti chombo chake cha vidakuzi, asiweze kuchungulia cha mwenzake. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa kwenye Chrome, ikaahirisha, na mwishowe mwaka 2025 ikasema itaviacha kama vilivyo. Kwa hiyo kwenye Chrome vinaruhusiwa mpaka wewe uvizuie, isipokuwa katika hali fiche ambako tayari vimezuiwa.

Vizuie. Andika chrome://settings/cookies kwenye kompyuta, au kwenye simu ingia Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha vidakuzi vya washirika wengine. Nimeona watu wakiogopa hatua hii kwa kudhani watatolewa kila mahali. Hutatolewa, maana akaunti uliyoifungua kwenye tovuti yenyewe inashikiliwa na kidakuzi cha tovuti hiyohiyo.

Kinachoweza kusumbua ni mifumo inayokupitisha kwenye anwani mbili tatu kabla ya kukufikisha. Microsoft Teams ndani ya kivinjari ni mfano unaojulikana: vidakuzi vya washirika vikizuiwa, inaweza kukuzungusha kwenye ukurasa wa kuingia bila mwisho. Microsoft wenyewe wanaelekeza uruhusu [*.]microsoft.com, [*.]microsoftonline.com na [*.]teams.microsoft.com. Mifumo ya masomo ya vyuo, ambamo mtihani au video hufunguka ndani ya fremu ya tovuti nyingine, huweza kuugua ugonjwa huohuo. Ongeza tovuti hizo chache kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, na kizuizi cha jumla kibaki kama kilivyo. Ukitumia kiongezo cha kuzuia matangazo, kizime kwa tovuti hiyo moja ujaribu tena kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Na ule ubao wa "Kubali vidakuzi vyote" unaokufunika skrini? Kataa bila hofu. Ulienea kwa sababu ya sheria za Umoja wa Ulaya, na sheria hizohizo hazidai ridhaa yako kwa vidakuzi ambavyo huduma haiwezi kwenda bila hivyo, kikiwemo cha kuingia kwenye akaunti. Ukikataa, unakataa vya matangazo na vya takwimu.

Hatua ya 5: Nenosiri lenyewe

Kama kivinjari hakikuulizi tena kuhusu kuhifadhi, huenda siku moja ulibonyeza "Kamwe" kwa haraka. Kivinjari hakisahau neno hilo. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua chrome://password-manager/settings, shuka hadi orodha ya tovuti ulizokataa, na uifute tovuti husika. Kwenye Firefox manenosiri yako utayaona kwa about:logins, na orodha ya vighairi iko kwenye mipangilio ya faragha.

Unapofuta data ya kuvinjari, soma visanduku kimoja kimoja. Picha na faili za akiba unaweza kuzifuta wakati wowote, hazikutoi popote. Vidakuzi na data ya tovuti vitakutoa kwenye tovuti nyingi. Manenosiri usiyaguse kabisa: ukiwa umeingia kwenye Chrome kwa akaunti yako ya Google na manenosiri yanasawazishwa, uliyoyafuta kwenye simu yanatoweka hata kwenye kompyuta. Tofauti hiyo ipo pia kwenye mipangilio ya programu za Android. "Futa akiba" haina madhara, "Futa hifadhi" inairudisha programu kama ilivyosakinishwa siku ya kwanza.

Tovuti moja ikileta vurugu, futa vidakuzi vyake peke yake. Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani, fungua sehemu ya vidakuzi, ondoa, ingia upya. Kidakuzi cha zamani kilichogongana na mabadiliko ya tovuti hutibika hivyo, na akaunti nyingine zote zinabaki salama.

Hatua ya 6: Mambo ya nje ya kivinjari

Programu za kusafisha simu na kompyuta hufuta vidakuzi zikiviita takataka. Zitoe, au ingia kwenye mipangilio yake uzikataze kugusa kivinjari.

Angalia saa na tarehe. Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa huwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti zinaanza kukataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Saa ikiwa mbele, hutokea kinyume: vidakuzi vyenye uhai vinahesabiwa vimeisha muda, vinatupwa. Weka tarehe ijipange yenyewe kwa mtandao.

Kisha anwani. Baadhi ya tovuti huhesabu anwani yenye www na isiyo na www kuwa mbili tofauti. Alamisho (bookmark) lako la zamani linaweza kuwa linakupeleka kwenye ile ambayo hujaingia.

Hatua ya 7: Kompyuta isiyo yako

Saiba (intaneti kafe) nyingi na steshenari hupanga kompyuta zijifute zinapozimwa, baadhi kwa programu kama Deep Freeze inayorudisha mashine ilivyokuwa kila ikiwashwa upya. Huko usitafute kukumbukwa. Usiweke tiki kwenye "Nikumbuke", usikubali nenosiri lihifadhiwe, na usiamini kwamba mashine itajifuta. Tumia hali fiche au hali ya mgeni, na ukimaliza bonyeza kitufe cha kutoka kwenye akaunti kabla ya kufunga dirisha. Kutoka kwenye akaunti huifanya seva iache kuitambua ile namba iliyomo ndani ya kidakuzi. Kufunga dirisha peke yake kunaifuta upande wa kompyuta tu.

Namba hiyo ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Aliyeipata anaingia kama wewe, bila nenosiri na bila ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, kwa sababu tovuti inaamini umeshapita hatua hizo. Machi 2023 chaneli kubwa ya YouTube ya Linus Tech Tips, ya Kanada, ilitekwa kwa njia hiyo: mfanyakazi alifungua faili lililojifanya pendekezo la udhamini, programu hasidi ikabeba vidakuzi vya kivinjari, na watekaji hawakuhitaji nenosiri lolote. Kwa hiyo kisakinishi cha programu "ya bure" kutoka kwenye kundi la Telegram, au kiongezo cha kivinjari kinachoomba kusoma data ya tovuti zote, vinaweza kukugharimu hata kama nenosiri lako ni gumu kiasi gani.

Ukiondoka saibani na kukumbuka njiani kwamba hukutoka kwenye akaunti, usisubiri kurudi. Kwa akaunti ya Google, fungua mipangilio ya akaunti kwenye simu yako, nenda sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa vyako, chagua kile usichokitambua au cha pale saibani, na ukitoe. Facebook ina orodha kama hiyo kwenye mipangilio ya nenosiri na usalama, inayoonyesha mahali ulipoingia. WhatsApp ya kompyuta utaikuta kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kwa tovuti isiyo na orodha ya namna hiyo, badilisha nenosiri kutoka kwenye simu yako, na kama unaulizwa kuhusu kutolewa kwenye vifaa vingine vyote, kubali.